Perege wa Magadi: Historia ya Samaki wa Nyuzi 43

Samaki hana mahali pa kujificha joto. Damu yake yote hupita kwenye matamvua, na matamvua ni ngozi nyembamba mno iliyotandazwa majini ili ivute oksijeni. Hapo hapo damu hupokea joto la maji au hulipoteza. Kwa hiyo maji yakipanda nyuzi tatu, moyo, ini na ubongo wa samaki navyo hupanda nyuzi tatu. Jodari na baadhi ya papa wana mpangilio wa mishipa unaobakiza joto la misuli ndani ya mwili. Waliobaki, yaani karibu samaki wote duniani, huwa na joto lile lile la maji waliyomo.

Ndiyo maana maji ya moto yamekuwa mpaka ambao samaki wachache sana wameuvuka. Hata wale wa nchi za joto hulemewa kabisa zikifika nyuzi 40 za Selsiasi na kidogo. Lakini kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, yupo perege mdogo ambaye mara nyingi hafikii sentimita 10, na baadhi ya jamaa zake huishi katika chemchemi ambazo mchana hufika nyuzi 43. Wataalamu humwita Alcolapia grahami. Kumfahamu kumechukua zaidi ya miaka 100, na kila waliposhughulikia jambo moja la mwili wake walikuta limefungamana na lingine.

Ziwa Magadi liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kilomita 120 hivi kusini-magharibi mwa Nairobi, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Halina mto wa kudumu unaoingia wala unaotoka. Maji yake huja hasa kutoka chemchemi za kandokando, nyingine zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80, na jua huyakausha mpaka katikati ya ziwa hubaki tabaka nene la magadi, yale yale yanayotiwa kwenye sufuria ya kunde au maharagwe ili yaive upesi.

Halikuwa hivyo siku zote. Miaka 10,000 na zaidi iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na bonde hilo lilikuwa na ziwa kubwa lenye maji yasiyo makali, ambalo wanajiolojia wamelipa jina la Orololonga. Matope yake yaliyogeuka kuwa udongo mgumu bado yapo juu ya ukingo wa sasa, na ndani yake kuna mifupa ya samaki wakubwa kuliko hawa wa leo. Mwaka 2014 watafiti walitoboa sakafu ya Magadi na kutoa nguzo ya matope inayosimulia takriban miaka milioni moja. Walipoisoma waliona kwamba kwa nusu milioni ya miaka hivi iliyopita eneo hilo limekuwa likielekea ukavu, japo mvua zilirudi mara kwa mara na kuondoka tena. Orololonga lilikuwa mojawapo ya marejeo hayo ya mvua.

Mvua zilipopungua tena, ziwa lilinywea na magadi yakakolea. Katikati pakawa na maji makali ambayo hakuna samaki angeweza kuyastahimili. Pembezoni zikabaki chemchemi, ambazo maji yake yalikuwa na chumvi pungufu lakini yalikuwa ya moto. Samaki walisukumwa huko. Naona jambo hili husahaulika watu wanaposimulia habari za samaki huyu kana kwamba alipenda joto tangu mwanzo. Kwake joto lilikuwa kimbilio. Aliyeshindwa kulivumilia alirudi kwenye magadi na kufa, na aliyeliweza alibaki kwenye vidimbwi vilivyotengana, kila kidimbwi na ukoo wake.

Wamaasai walikuwa na ng'ombe wao katika bonde hilo kabla sayansi ya Ulaya haijasikia habari za maji haya. Mkusanyaji wa wanyama Oscar Neumann alisafiri Afrika Mashariki kati ya 1893 na 1895, na mwaka 1905 ukachapishwa uchambuzi wa samaki aliowachukua. Humo Franz Hilgendorf alimweleza perege wa magadi wa upande wa Natron, wakati huo ikiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Upande wa Waingereza mambo yalikwenda kwa kasi ya biashara. Mwaka 1911 ilianzishwa Kampuni ya Magadi Soda. Mwaka huo huo mkataba wa pili kati ya serikali ya kikoloni na Wamaasai uliwaondoa Wamaasai wa Laikipia na kuwasogeza kusini. Reli ya kutoka Konza ikaanza kujengwa ili kuchukua magadi hadi bandarini. Katika pilikapilika hizo sampuli ya samaki ilifika London, na mwaka 1912 George Albert Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akaipa jina la Tilapia grahami. Baadaye wataalamu walimhamisha kutoka jenasi moja hadi nyingine, wasikubaliane kwa muda mrefu ni wa ukoo upi. Vinasaba vimeonyesha kwamba ni mtoto wa jamii ya Oreochromis, ndugu wa sato na perege wanaouzwa sokoni Mwanza na Kisumu.

Kwa miaka 50 hivi samaki huyo alibaki jina tu katika orodha za makumbusho, na kwa wafanyakazi wa kiwanda cha magadi alikuwa kitu cha kutazama kandokando ya maji. Aliyekwenda kukaa naye kwa makini ni Malcolm Coe, mwanazoolojia Mwingereza, ambaye mwaka 1966 alichapisha utafiti wa maisha yake pale Magadi. Alieleza madume wanaochimba mashimo ya kutagia na majike wanaotamia mayai mdomoni. Jambo la kuvutia zaidi kwa habari yetu lilikuwa kwenye mawe ya mkondo wa chemchemi. Mwani huota juu ya mawe hayo tangu karibu na mdomo wa chemchemi, maji yakiwa ya moto kupita kiasi, na kuendelea chini mkondoni yanakopoa. Samaki huukwangua kwa meno. Hufuata mwani mpaka pale ambapo joto halivumiliki, wakiingia haraka na kutoka, na hapo panakuwa na mstari: upande mmoja jiwe limeliwa likabaki wazi, upande wa pili mwani umesitawi bila kuguswa. Mtu asiye na kipimajoto mkononi anaweza kuona kwa macho mahali mwili wa samaki unapokataa.

Mwili unakataa kwa sababu zipi? Maabara nyingine zilikuwa zikilitafuta jibu bila kumfikiria perege wa Magadi. Katika miaka ya 1940 Frederick Fry na wenzake wa Toronto, Kanada, waliwalea samaki wa dhahabu katika maji ya joto tofauti, kisha wakawapima. Waligundua kwamba kikomo cha samaki hakikai pamoja: aliyezoeshwa maji ya uvuguvugu huvumilia zaidi kuliko ndugu yake aliyetoka kwenye baridi. Lakini kuzoea nako kuna mwisho. Kadiri joto unalomzoesha linavyopanda, ndivyo nyongeza ya uvumilivu inavyopungua, mpaka haongezi kitu.

Fry alisisitiza pia suala la oksijeni. Usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakiwa na nyuzi 40 hubeba zaidi kidogo ya 6. Wakati huo huo mwili wenyewe, ukipashwa joto, huhitaji oksijeni zaidi: kwa samaki wengi mahitaji huongezeka mara mbili au zaidi kwa kila nyuzi 10. Maji yanatoa kidogo, mwili unadai kingi. Moyo hupiga haraka kufidia, mpaka unapiga upesi kiasi kwamba haupati nafasi ya kujaa damu. Mafuta yaliyo kwenye utando wa seli hulegea, na samaki aliyepewa muda huyabadilisha kwa mafuta magumu zaidi ili utando usivuje. Vimeng'enya navyo huanza kupoteza umbo.

Hapo ndipo jeni huingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ferruccio Ritossa, mtaalamu wa vinasaba wa Italia, alikuwa akitazama kwa darubini kromosomu za mabuu ya inzi wa matunda. Mtu mwingine maabarani alikuwa amepandisha joto la kabati walimokuwa wakilelewa. Ritossa akaona sehemu za kromosomu zimevimba mahali ambapo hazikuwa zikivimba, ishara kwamba jeni za pale zimeamka na kuanza kazi. Alichapisha habari hiyo mwaka 1962, wengi hawakuitilia maanani. Mwaka 1974 Alfred Tissières na wenzake walionyesha kwamba jeni hizo hutengeneza protini maalumu, zilizokuja kuitwa protini za mshtuko wa joto, na baadaye zikakutwa karibu katika kila kiumbe kilichochunguzwa, kuanzia bakteria hadi binadamu.

Kazi yake ni hii. Kila protini mwilini lazima ikunjwe katika umbo lake ndipo ifanye kazi. Joto likizidi mikunjo hufunguka, protini hushikana ovyo, na seli huanza kufa. Protini za mshtuko wa joto huzishika zile zilizolegea, huzizuia zisigandamane, na huzisaidia kurudi kwenye umbo, kama kungwi anavyokaa na mwali: haolewi yeye, wala haandamani naye maisha yote, lakini asipokuwapo mambo huharibika. Huduma hiyo si ya bure. Seli hutumia nishati kuzitengeneza, na zinapotengenezwa kwa wingi kazi nyingine za seli husimama, zikiwemo kukua na kuandaa mayai.

Namna jeni hizi zinavyoweza kupatikana na kupotea inaonekana kwa samaki wa upande wa pili kabisa. Mwaka 1967 George Somero na Arthur DeVries walieleza samaki wa Antaktika wanaoishi katika maji ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Walikufa maji yalipofika nyuzi 6 tu juu ya sifuri. Mwaka 2000 Gretchen Hofmann na wenzake walionyesha kwamba mmoja wa samaki hao, Trematomus bernacchii, hata akipashwa joto haongezi protini za mshtuko wa joto. Ukoo wake uliishi kwenye baridi isiyobadilika kwa mamilioni ya miaka, na uwezo wa kuitikia joto ukaondoka.

Turudi Magadi. Mwaka 1974 Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia Mkenya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzake walichapisha vipimo vya jinsi samaki huyu anavyovumilia joto, chumvi na ukali wa alkali. Maloiy aliendelea kuwaleta watafiti wa nchi nyingine kwenye ziwa hilo, na mwaka 1989 kundi lililoongozwa na David Randall, Maloiy akiwemo, likatoa matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia kwa samaki wa aina hii. Samaki wengi wa mifupa hutoa taka za naitrojeni kama amonia, ambayo hupita tu kwenye matamvua na kuondoka. Katika maji ya Magadi, ambayo kipimo chake cha pH ni karibu 10, amonia haitoki. Ingejikusanya na kumuua. Perege wa Magadi hubadilisha taka zake zote kuwa urea, kama tufanyavyo sisi binadamu.

Urea ina uhusiano gani na joto? Uhusiano mkubwa, na kwangu hiki ndicho kiini cha habari yote. Joto huharakisha mwili, na mwili ulioharakishwa unadai chakula. Chakula cha samaki huyu ni mwani wenye protini nyingi, kwa hiyo taka za naitrojeni huongezeka. Taka zikiongezeka urea lazima itengenezwe kwa wingi, na kutengeneza urea hula nishati, na nishati inadai oksijeni, ambayo katika maji ya moto ni haba. Halafu oksijeni ya Magadi yenyewe haitulii: mchana mwani huijaza maji mpaka izidi kipimo, hata kuzalisha kemikali zinazounguza seli, usiku mwani nao hupumua na oksijeni hukauka. John Maina, Mkenya mwingine aliyebobea katika viungo vya kupumulia, alionyesha pamoja na wenzake kwamba mfuko wa hewa wa samaki huyu una umbile la kusaidia kupumua, na samaki huja juu ya maji akagugumia hewa. Kwa hiyo ukiuliza samaki huyu anastahimilije joto, jibu halipo kwenye kiungo kimoja wala jeni moja.

Mwaka 2015 Geraldine Kavembe, mtafiti Mkenya aliyefanya kazi na Axel Meyer wa Konstanz, Ujerumani, aliongoza uchambuzi wa jeni zinazofanya kazi kwenye matamvua ya perege hao. Walichukua samaki wa ziwani na wengine waliozoeshwa maji yasiyo na chumvi, kisha wakawalinganisha na Oreochromis leucostictus, ndugu yao wa maji ya kawaida waliyeachana naye miaka milioni 4 hivi iliyopita. Jeni 25 zilionyesha dalili kwamba uteuzi wa asili umezisukuma njia tofauti. Samaki wa ziwani walikuwa na jeni nyingi zaidi za kuchoma nishati zilizowaka. Waliohamishiwa maji mepesi walikuwa wamezipunguza, ishara ya jinsi maisha ya Magadi yanavyogharimu. Na mtambo mzima wa jeni za kutengeneza urea ulikutwa hata kwenye matamvua, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa samaki mwingine yeyote.

Mwaka uliofuata zikaja takwimu za joto zenyewe. Chris Wood na kundi kubwa lililowahusisha Maina, Kavembe na Wakenya wengine waliwapima samaki wa sehemu mbili za ziwa lile lile. Wa kwanza ni wa Fish Springs, mahali ambapo maji hubaki kati ya nyuzi 33 na 36. Wa pili ni wa chemchemi za kusini-magharibi, ambako maji huenda kwa kasi, usiku yakishuka hadi nyuzi 32 na mchana yakipanda hadi 43. Katika kipimo cha namna hii samaki huwekwa majini, joto likapandishwa polepole, na mtafiti hungoja wakati samaki anapoyumba, anapinduka ubavu na kushindwa kujiweka sawa. Hapo anatolewa mara moja na kurudishwa kwenye maji yanayomfaa. Samaki wa kusini-magharibi walipinduka kwenye nyuzi 45.6. Hakuna samaki aliyewahi kuandikwa kufika hapo.

Matumizi yao ya oksijeni yalikuwa makubwa kuliko ya samaki yeyote aliyepimwa kabla yao, yakifikia kiwango cha mamalia mdogo wa uzito kama wao akiwa ametulia. Samaki wale wa makundi mawili walipopimwa katika maabara kwa joto moja, nyuzi 25, kisha 32, kisha 39, wale wa chemchemi kali waliendelea kutumia oksijeni nyingi zaidi kuliko wenzao wa Fish Springs. Hata kwenye nyuzi 25, ambapo joto halikuwa likiwalazimisha, miili yao haikutulia. Samaki wa namna hiyo hawezi kuishi mahali penye chakula haba. Anaishi Magadi kwa sababu mwani haumwishii.

Tazama tena hesabu: maji yake hufika 43, na mwili wake hushindwa kwenye 45.6. Kati ya maisha yake ya kila mchana na kupinduka kuna nyuzi 2.6. Bingwa wa joto wa samaki wote waliopimwa ana nafasi ndogo ya kupumua. Ninaposikia watu wakimtaja kama ushahidi kwamba samaki watazoea tu dunia ikipata joto, nasikitika, kwa sababu vipimo vyake vinaeleza kinyume.

Vipo pia vipimo vya kasi. Mwaka 2020 watafiti wa Trondheim, Norway, walitangaza jaribio lililohusu takriban samaki 20,000 wa jamii ya samaki-pundamilia, wale wadogo wenye mistari wanaofugwa maabara nyingi. Kwa vizazi sita waliwachagua wanaovumilia joto zaidi ili wawe wazazi. Uvumilivu uliongezeka, lakini kwa wastani wa nyuzi 0.04 kwa kizazi. Tena kadiri uvumilivu wa kuzaliwa ulivyopanda, ndivyo uwezo wa kuzoea joto, ule alioupima Fry, ulivyopungua. Perege wa Magadi alikuwa na nusu milioni ya miaka ya ukavu uliokuja kwa hatua, na katika muda huo nyuma yake walikufa wengi ambao vinasaba vyao havikufaa.

Samaki huyu anaweza kuhamishwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alipelekwa Ziwa Nakuru ili ale mabuu ya mbu. Akastawi, na mwari wakaja kwa maelfu kumla, mahali ambapo awali ndege waliokuwa maarufu ni flamingo. Lakini Nakuru si ziwa la chemchemi za nyuzi 43. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014, Kavembe akiongoza, ulionyesha kwamba vidimbwi vya Magadi vimetenganisha samaki wake kwa kiwango kikubwa, kila kundi likiwa na alama zake. Kuhifadhi samaki wa Nakuru, au hata wa Fish Springs, hakuwahifadhi wale wa kusini-magharibi. Wao wanategemea maji yanayotoka chini ya ardhi mahali pale, yakiendelea kutiririka kwa kasi ile, na yasipande nyuzi tatu nyingine.